Winchi ya Haidroliki na Maneno Yake: Maelezo Kutoka Gungu, Kigoma

Wachunguzi wa Kiswahili kwa miaka mingi wamekusanya kwa bidii maneno ya jahazi, ya uvuvi, ya useremala na ya ufinyanzi, nao wamefanya vema, maana kazi hizo zina msamiati mpana na mabingwa wake wanazeeka. Maneno ya gereji hayakupata bahati hiyo. Yadhaniwa kuwa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, yasiyo na la kumfundisha mtaalamu wa lugha. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi inavyoundwa winchi ya haidroliki ya kujikwamulia gari, kwa kufuata maelezo ya mafundi niliozungumza nao Gungu, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Pamoja na kukieleza chombo chenyewe nitaonyesha mahali ambapo lugha ya mafundi yatosha, mahali ambapo istilahi za shuleni zaweza kuisaidia, na mahali pamoja ambapo neno tulilolijua tangu utotoni laweza kumpotezea mtu mkono. Hilo la mwisho ndilo hasa lililonisukuma kuandika.

Kwa nini Gungu? Barabara kuu za mkoa huu zimepata lami kwa sehemu kubwa katika miaka ya karibuni, lakini gari lenye kazi halikai juu ya lami. Huenda kusini kuelekea Ilagala, hupita mabonde ya Mto Malagarasi, hufuata vijiji vya mwambao hadi pande za Kalya. Na mvua za huku huanza Novemba hivi, zikaendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo dereva asiye na njia ya kujitoa mwenyewe hungoja lori la mwenziwe, naye mwenziwe huenda amekwama maili chache nyuma.

Kwanza tukitazame kitenzi chenyewe. Gari hukwama. Katika kwama mna ile -am- ya hali tunayoiona katika simama, inama, gandama na tuama: kitu kimekaa namna fulani na hakitoki. Kinyume chake ni kwamua, na hapa pana jambo la kuangaliwa. Kinyume cha inama ni inua, ambapo -am- imeanguka. Bali katika kwamua imebaki, kama kwamba kule kukwama kumegandamana na mzizi hata hakuwezi kubanduliwa. Tukiongeza ji- twapata kujikwamua, yaani kujitoa bila kuvutwa na mwingine. Neno hili siku hizi limeazimwa na wanasiasa. Wananchi huambiwa wajikwamue kiuchumi, ila hawaonyeshwi mti wa kufungia kamba.

Utingo wa lori akija gereji na kusema, "Fundi, gari limekwama," swali la fundi ni hili: "Limekwama au limezama?" Msikilizaji asiye na kazi hiyo aweza kudhani ni maneno ya kupitisha wakati. Sivyo, ni swali la hesabu. Waokoaji wa magari, na majeshi katika vitabu vyao vya mafunzo, hukadiria ukinzani wa tope kwa kina. Magurudumu yakiingia topeni, kani ya kulitoa gari ni sawa na uzito wake pamoja na mzigo. Tope likifika kwenye madigadi, ni mara mbili. Likifika kwenye bodi, ni mara tatu. Gari la tani mbili na nusu lataka basi tani 2.5, au tani 5, au tani 7.5. Kiswahili kina ngazi zake tayari: gari limetopea, gari limedidimia, gari limezama. Sisemi kwamba kila dereva huzitumia kwa mizani hiyo, lakini fundi anayeuliza swali lake huzitumia, na jibu ndilo linaloamua kama kamba itavuta moja kwa moja au itapitishwa kwenye kapi.

Chombo cha kuvutia kamba kwa kuizungushia juu ya mti au chuma hakikuja na motokaa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, yalipa neno duara, zaidi ya maana yake ya mviringo, maana ya mtambo wenye gurudumu la kuvutia au kuinulia. Mabaharia wa pwani walikuwa na gofia juu, abedari chini, na jarari ikipita baina yake, nao kwa mpango huo walipandisha foromali ambayo watu hao hao wasingeweza kuiinua kwa mikono mitupu. Katika maneno hayo, lililofika hai katika gereji ya Gungu ni kapi. Duara limerudi kwenye hesabu za watoto wa shule, na mahali pake pamechukuliwa na winchi. Mimi silii juu ya jambo hilo. Neno winchi lina silabi za Kiswahili, laingia katika ngeli bila ubishi, na kila mtu alielewa.

Ziwa lenyewe, kwa hakika, lina historia ndefu ya kuvuta vitu vizito. Mwaka 1915 Waingereza walizileta boti mbili ndogo za vita, zilizoitwa Mimi na Toutou, kutoka kusini mwa Afrika hadi upande wa Kongo wa ziwa hili, na pale reli ilipokoma zilikokotwa porini kwa matrekta ya mvuke, maksai na nguvu za watu. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani na kuletwa Kigoma vipande vipande kwa reli, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, injini zake zikiwa zimepakwa grisi ili zisile kutu. Iliibuliwa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Nalitaja jambo hilo kwa sababu ya kitenzi: meli huibuliwa au huopolewa, haikwamuliwi. Kuopoa ni kutoa majini. Kunasua ni kutoa mtegoni. Kukwamua ni kutoa mahali kitu kilipobanwa. Lugha iliyotofautisha hivyo haikosi maneno ya kuelezea mashine.

Sasa tuje kwenye haidroliki. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kiowevu kilichofungiwa chomboni, kikikandamizwa mahali pamoja, hupeleka mkandamizo ule ule pande zote. Mwingereza Joseph Bramah aliifanyia kazi kanuni hiyo katika shinikizo lake la mwaka 1795. Tangu hapo mtu ameweza kupeleka nguvu kwa mafuta ndani ya bomba, kama vile zamani alivyoipeleka kwa kamba au mnyororo, na bomba lina faida ya kupinda kona.

Fundi ataulizwa: kwa nini asifunge winchi ya umeme, ambayo yauzwa tayari? Jibu lake ni betri. Winchi ya umeme ya volti 12 yenye kuvuta tani tatu au nne, ikibanwa kabisa, hula umeme wa ampia 400 hivi, na oltaneta ya gari la kawaida haitoi hata robo ya hizo. Baada ya dakika chache mota ina moto wa kuunguza na betri imechoka. Mvutaji hana budi kupumzika. Winchi ya haidroliki hunywa nguvu ya injini yenyewe, yaweza kuvuta mchana kutwa, na haiogopi maji. Lakini ina aibu yake moja: injini ikizimika, nayo imekufa. Gari lililoingia mtoni hata maji yakafika kwenye injini halina winchi ya haidroliki. Lina chuma kizito mbele tu.

Jina lake nalo lahitaji neno. Wako wanaotaka tuseme "winchi ya mafuta" ili kuepuka haidroliki. Pendekezo hilo halifai, na Kigoma halifai zaidi. Mafuta katika lugha yetu ni dizeli na petroli, ni oili ya injini, ni grisi iliyoyeyuka, na kwa mwenyeji wa hapa ni mawese kabla ya hayo yote. Nilipowatajia watu wasio mafundi "winchi ya mafuta," walidhani ni winchi yenye injini yake ndogo ya dizeli. Haidroliki ni refu, lakini halina maana ya pili.

Mjengo wa chombo ni huu. Pampu haihitaji kununuliwa: magari mengi yanayo tayari, ile ya usukani wa pawa, inayozungushwa na mkanda wa injini. Kutoka pampu mafuta hupitishwa kwanza kwenye vali ya kuelekeza, yenye mkono wa mahali patatu. Mkono ukiwa katikati, mafuta hupita bila kizuizi na kuendelea hadi kwenye usukani, na dereva haoni tofauti yoyote. Mkono ukisukumwa upande mmoja, mafuta huingia katika mota na winchi huvuta. Ukisukumwa upande wa pili, huingia kwa mlango mwingine, mota huzunguka kinyume na kamba huachiwa. Wakati wa kuvuta au kuachia, mafuta yaliyokwisha fanya kazi hurudi tangini, nao usukani hubaki mgumu kama wa lori la zamani. Lazima vali iwe na mlango wa pekee wa kuyapeleka mafuta mbele kwenye usukani. Wako wanaoutumia mlango wa kurudishia kwa kazi hiyo kwa kuwa vali ya namna hiyo ni rahisi kupatikana. Mlango huo haukuundwa kubeba presha, na sili zake hupasuka.

Mota ni ya aina ile izungukayo polepole kwa nguvu nyingi, kama zilizomo katika mashine za shamba na za ujenzi. Kipimo chake ni ujazo wa mafuta inaoumeza kwa mzunguko mmoja. Tuchukue mota ya sentimita za ujazo 160, na pampu itoayo lita 8 kwa dakika kwa presha ya kilo 80 juu ya kila sentimita mraba. Ni makadirio ya wastani kwa pampu za usukani. Hesabu inayofuata yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye penseli.

Kazi ya mzunguko mmoja wa mota ni 160 mara 80, yaani kilo-sentimita 12,800. Ngoma ya winchi, yaani lile gurudumu refu lenye kingo pande zote mbili ambalo kamba hujiviringia, tuipe kipenyo cha sentimita 11. Kamba ya waya ya milimita 10 ikilala juu yake, mzunguko wa katikati ya kamba una urefu wa sentimita 37.7. Gawa 12,800 kwa 37.7: utapata kilo 340 hivi, na msuguano wa ndani ya mota ukiisha kula fungu lake, hubaki 290. Kilo 290 hazimtoi hata punda. Kwa hiyo huwekwa gia baina ya mota na ngoma. Gia ya kupunguza mwendo mara 12, ikipoteza sehemu moja katika tano kwa msuguano, hutoa 290 mara 12 mara 0.8, yaani karibu kilo 2,780. Hapo tumefika kwenye tani mbili na robo tatu, na gari lililotopea hadi magurudumu litatoka.

Bei ya nguvu hiyo ni mwendo. Lita 8 kwa dakika zatosha mota mizunguko 50, au 45 tukitoa mafuta yanayovuja ndani kwa ndani. Gia yaigawa kwa 12, ngoma yazunguka mara tatu na robo tatu kwa dakika, na kamba yarudi sentimita 141. Mita moja na kidogo! Kijana aliyeona winchi za umeme hudhani chombo kimeharibika. Na hapa ndipo neno presha linapoponza. Fundi asiyekuwa makini akiona winchi inakwenda polepole husema, "Pampu haina presha," kisha hukaza vali ya usalama ili ipande. Presha haikuwa na kosa. Kani ya kuvuta hutoka kwenye presha. Mwendo hutoka kwenye wingi wa mafuta kwa dakika. Anayetaka winchi iende upesi atafute pampu kubwa zaidi. Anayepandisha presha atapasua mpira.

Istilahi za fizikia zilizosanifiwa zatoa neno kanieneo, yaani kani juu ya eneo, na nalisifu neno hili kwa sababu limebeba kanuni yake ndani ya silabi zake. Mtu akilitafakari hawezi kulichanganya na kani yenyewe. Walakini sitazamii kulisikia gereji, wala sioni haja ya kulilazimisha. Presha imekwisha ota mizizi, kwenye tairi na hospitalini pia, na kosa la fundi yule halikutokana na asili ya neno, bali limetokana na kutofundishwa kwamba kuna vitu viwili. Kanieneo lifanye kazi yake darasani, ambako mwanafunzi ana muda wa kulifungua. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliwasikia mafundi wa huko wakichanganya mambo hayo hayo mawili, na wao lugha ya istilahi ilikuwa ya mama zao.

Joto nalo ni adui asiyeonekana. Gari lisipotoka na dereva akaendelea kubana mkono wa vali, mafuta yote hupita kwenye vali ya usalama, na kazi yote ya pampu, wati zaidi ya 1,000, hugeuka kuwa joto. Ni sawa na kutumbukiza kichemshio cha maji tangini. Tangi la usukani lina lita moja au mbili tu. Lita mbili zikipokea joto hilo hupanda digrii 19 kwa kila dakika, na kwa dakika mbili au tatu sili huanza kuwa laini. Ndiyo sababu mafundi waangalifu huongeza tangi la lita 10 au zaidi, na huipitisha njia ya kurudi kwenye kijiredieta kidogo mbele ya feni.

Yapasa pia kutaja kitu kinachoshika. Mota za haidroliki huvuja kidogo ndani. Gari lililo mlimani, likiachwa kwenye kamba, litarudi chini taratibu hata mkono wa vali ukiwa katikati. Kwa hiyo huwekwa vali ya kushika mzigo kwenye mdomo wa mota, na juu ya hiyo kidole cha chuma kinachoangukia katika meno ya ngoma. Mwenye kutegemea vali peke yake hajalala chini ya gari lake.

Sehemu nyingine nazipitia kwa haraka. Bamba la kuikalia winchi liwe la chuma cha milimita 10, nalo lishikwe kwenye mihimili ya chesisi, si kwenye bampa. Bampa ni pambo. Boliti ziwe za milimita 12 au zaidi, zenye alama 8.8 kichwani. Mipira ya presha iwe ile yenye matundu ya waya ndani. Uchomeleaji juu ya chesisi uepukwe iwezekanapo, kwa kuwa joto hulidhoofisha chuma pale pale panapohitaji nguvu.

Nafika sasa kwenye neno nililoliahidi. Neno hilo ni fungua, pamoja na mzazi wake funga.

Katika Kiswahili cha kila siku twafunga mlango na twafungua mlango. Twafunga mzigo na twaufungua. Mafundi wamekiongezea kitenzi hiki maana mbili za kazi yao. Kufunga injini ni kuiweka mahali pake na kuikaza. Kufungua injini ni kuichambua vipande. Haya yote ni ya kawaida na hayajamdhuru mtu, maana hakuna awezaye kudhani kwamba kufungua injini ni kama kufungua mlango. Lakini vali ni kitu cha ajabu: ni mlango, na papo hapo ni kipande cha mashine kilichokazwa kwa nati. "Fungua vali" yaweza kuwa: sogeza mkono, mafuta yapite. Yaweza pia kuwa: chukua spana, uiondoe. Vivyo hivyo "funga vali": izuie, au ipachike.

Tuweke jambo hilo mahali pake. Gari lipo kwenye mteremko, limeshikwa na kamba, injini imezimwa ili watu wasikilizane. Kila kitu kimetulia. Lakini baina ya mota na vali mafuta yamebanwa, kwa sababu uzito wa gari unataka kuizungusha mota kinyume. Fundi mkuu, akitaka kamba ilegezwe, amwambia mwanafunzi wake, "Kijana, fungua hiyo vali." Kijana aliyefundishwa wiki nzima kufungua pampu na kufungua giaboksi huchukua spana na kuanza kuilegeza nati ya mpira. Mafuta yaliyobanwa hutoka kwa tundu jembamba kama la sindano. Hayahitaji presha ya kilo 80. Kilo 7 kwa sentimita mraba zatosha kutoboa ngozi. Kidonda chake ni kidogo, kama cha mwiba, hakitoi damu nyingi, na siku ile ile mtu aweza kukipuuza; kumbe mafuta yamo ndani ya nyama, yanaiua polepole. Dawa yake ni upasuaji, tena ndani ya saa chache. Asiyefika kwa mganga upesi hukatwa kidole au mkono.

Mtaalamu wa istilahi atasema: tuunde maneno mawili mapya. Mimi nasema lugha imekwisha yaunda, na baadhi ya mafundi wa Gungu wanayatumia bila kujua kwamba ni sarufi. Mtu hasemi "fungua maji" anapotaka bomba litiririke, husema "fungulia maji." Husema pia "fungulia redio." Umbo hili la kutendea, ambalo kwa asili ni kufungua kwa ajili ya mtu, limejitenga na kupata maana ya kuruhusu kitu kipite. Na kinyume chake hakikubaki kuwa funga peke yake: maji hukatwa, umeme hukatwa. Basi kwa mafuta yaliyo katika bomba tunayo jozi safi, fungulia na kata. Na kwa nati na boliti inabaki jozi ya zamani, funga na fungua. Nilimsikia fundi mmoja mzee akimwambia msaidizi wake, "Kata mafuta kwanza, halafu ndipo ufungue," na sentensi hiyo fupi ina mpangilio kamili wa usalama: kila kitenzi kina kitu kimoja tu kinachokihusu.

Kamusi zetu zaeleza fungulia kwa kuirejeza kwenye fungua, kama tawi kwa shina. Kwa mtunga kamusi ni sawa. Lakini katika kitabu chochote cha mafunzo ya ufundi kitakachoandikwa kwa Kiswahili, vitenzi hivi vingestahili kuingizwa mbalimbali, kila kimoja na mfano wake, na "fungua vali" ikaachwa kabisa. Utaratibu wa kazi yenyewe ni huu: weka kabari nyuma ya magurudumu ili gari lisitegemee kamba, zima injini, sukuma mkono wa vali huku na huku mara kadhaa ili mafuta yaliyobanwa yapate njia, kisha legeza nati nusu mzunguko, ukiwa na kitambaa kinene juu yake, na ungoje. Mpira unaoshukiwa kuvuja haupapaswi kwa kidole. Hupitishwa kipande cha boksi gumu, nacho huonyesha doa.

Kuhusu kamba yatosha kusema machache. Kamba ya waya ya milimita 10 ikiwa nzima hukatika kwa tani sita hivi, na ile iliyokunjamana hukatika mapema zaidi. Mizunguko mitano ya mwisho haitolewi kwenye ngoma, kwa kuwa msuguano wake ndio unaoishika kamba, si ile boliti ndogo ya pembeni. Kamba ikijaza tabaka la pili na la tatu, nguvu hupungua, maana ngoma imenenepa: katika mfano wetu tabaka la tatu huvuta kiasi cha robo tatu tu ya lile la kwanza. Hivyo ni afadhali kufunga mbali kuliko karibu. Gunia zito au koti hutupwa juu ya kamba katikati, ili ikikatika isiruke kama nyoka, na mtu yeyote haruki juu yake wala hasimami pembeni.

Ukipitisha kamba kwenye kapi lililofungwa mtini na kuirudisha kwenye gari, kani yakaribia kuwa maradufu na mwendo huwa nusu: tani tano na kitu, kwa sentimita 70 kila dakika. Ni ile ile hesabu ya gofia na abedari. Mti wenyewe huvishwa mkanda mpana ili waya isikate gamba. Mwembe mkubwa ni mzuri sana, na Ujiji imejaliwa miembe. Mchikichi haufai kwa kazi nzito, kwani mizizi yake ni mingi lakini haizami. Isitoshe, una mwenyewe, naye huuhesabu kwa madebe ya mawese. Pasipo na mti huchimbwa shimo refu, tairi la akiba huzikwa kwa kusimamishwa, kamba ikipita kwenye mfereji mwembamba, na tairi hilo huitwa nanga.

Injini inapongurumishwa ili pampu ijae, hakuna kitenzi kinachosikika, kiwe fungulia au kata. Hapo huteuliwa mtu mmoja peke yake wa kutoa ishara, akisimama mahali dereva anapomwona, na ishara hupatanwa kabla kamba haijakaza: kidole kikizungushwa hewani, vuta, kiganja kikiinamishwa chini, achia polepole, kiganja kilichofunguliwa wazi na kuinuliwa juu, kata.